Nani Atamfungulia Akirudi?

Mwishoni mwa Februari 1958, mchungaji wa miaka 26 kutoka mji mdogo wa Philipsburg, jimbo la Pennsylvania, alisimama ndani ya chumba cha mahakama jijini New York akaomba kusema na jaji. Jina lake David Wilkerson. Hakuwa wakili wala shahidi, na hakuwa na undugu na yeyote aliyekuwa mle ndani. Siku chache kabla, usiku wa maombi, alikuwa amefungua jarida la Life akakuta michoro ya kesi ya vijana saba walioshtakiwa kwa kumuua Michael Farmer, mvulana wa miaka 15 aliyekuwa amedhoofishwa mguu na polio. Akawatazama wale washtakiwa, machozi yakamtoka, akaamini kwamba Mungu anamtuma kwao. Waumini wake wakamchangia dola 75 za safari.

Mpango ulikuwa mwepesi kuueleza. Ataonana na jaji, ataomba ruhusa ya kuzungumza na vijana wale saba, atawaombea, watatubu. Mahakamani mambo yakaenda kombo ndani ya dakika moja. Jaji yule alikuwa ameshapata vitisho, na askari walipomwona mtu asiyejulikana akimsogelea, walimkamata msobemsobe wakamtoa nje. Waandishi wa habari wakamtaka ainue Biblia yake juu, naye akainua, wakampiga picha. Picha hiyo ikachapishwa magazetini, na watu waliomsoma kesho yake walimwona kama mhubiri wa shamba aliyerukwa na akili. Akarudi nyumbani na aibu yake. Vijana saba aliotumwa kwao, kwa jinsi alivyoelewa, hakuwafikia.

Nimekaa kwenye vikao vingi vya kanisa vinavyojadili miradi ya vijana, na mara nyingi nimejiuliza kamati zetu zingefanya nini na taarifa kama ile. Walengwa hawakufikiwa. Fedha imekwisha. Mratibu amekamatwa na polisi. Nina hakika tungefunga faili, tena kwa sala ya kufunga.

Wilkerson alirudi New York. Alipokuwa akizungukazunguka mitaani akitafuta namna nyingine ya kuwapata wale saba, vijana wa magenge wakamtambua kwa ile picha ya gazetini. Kwao picha haikuwa ya aibu hata kidogo. Mtu ambaye askari wamemkokota mbele ya kamera alikuwa mwenzao, kwa sababu askari waliwakokota wao kila wiki. Milango ambayo asingefunguliwa kwa barua ya utambulisho ya askofu yeyote ikafunguka. Alielewa baadaye kwamba alikuwa ameitwa kweli, ila anwani aliyoisoma ndiyo haikuwa yenyewe. Vijana wa kesi ile walikuwa saba. Nje ya mahakama walikuwepo maelfu.

Kati ya magenge aliyokutana nayo Brooklyn, moja lilijiita Mau Maus. Walikuwa vijana wenye asili ya Puerto Rico, na jina hilo walilitoa kwenye habari za vita vya Kenya, ambako hali ya hatari ilikuwa imetangazwa tangu Oktoba 1952. Msomaji wa Afrika Mashariki hawezi kupita hapo bila kusimama. Wazee wetu walikuwa msituni wakidai ardhi na uhuru, na habari zao zilipovuka bahari zikiwa zimeandikwa na waliokuwa wakiwapiga, kilichowafikia watoto wa Brooklyn kilikuwa kitisho tu. Mtoto asiye na kazi, anayedharauliwa kwa lafudhi yake, alisikia kwamba kuna watu mahali fulani wanaowatisha Wazungu, akalitaka jina hilo liwe lake. Nadhani ni vizuri tukumbuke jambo hilo tunapowatazama vijana wa vijiweni kwetu wakijipachika majina ya kutisha. Mara nyingi jina ni ombi la kuheshimiwa lililokosa pa kupelekwa.

Julai 1958 Wilkerson aliandaa mkutano wa injili katika ukumbi wa St. Nicholas Arena, akakodi mabasi ya kuwaleta vijana wa magenge. Humo ndani walikuwepo viongozi wawili wa Mau Maus: Israel Narvaez na Nicky Cruz. Cruz ameusimulia usiku ule katika kitabu chake Run Baby Run, kilichotoka mwaka 1968. Wakati wa sadaka ulipofika, Wilkerson aliwaomba Mau Maus ndio wakusanye. Cruz na wenzake walipita kwenye viti, na kwa sura zao na mikono yao mifukoni waliwafanya watu watoe zaidi ya walivyopanga. Kisha wakaenda nyuma ya pazia la jukwaa. Huko kulikuwa na mlango wa kutokea barabarani. Fedha mkononi, mlango wazi, na ukumbi mzima ukiwasubiri kwa kicheko, kwa maana kila kijana aliyekuwa pale alijua watakachofanya.

Cruz anasema kilichomzuia ni jambo jipya kabisa maishani mwake, kwamba mtu amemwamini. Walipanda jukwaani wakamkabidhi mchungaji sadaka yote. Baadaye usiku huohuo Cruz na Israel walipiga magoti, na haukupita muda wakaenda kituo cha polisi kukabidhi silaha zao, jambo ambalo lilidhaniwa kuwa uvamizi mpaka walipojieleza.

Hapo ndipo ushuhuda huishia tunapousikia kwenye mikutano. Wahubiri wengi, hata wa kwetu, wameusimulia hadi kwenye sadaka na magoti, watu wakashangilia, basi. Mimi hunivuta zaidi yaliyofuata, kwa kuwa ndiyo yanayofanana na kazi yenyewe.

Cruz alipelekwa chuo cha Biblia huko California, mbali na mtaa wake, akasoma, akaoa, akarudi kuwahudumia vijana. Israel alikuwa na moyo uleule na aliokoka kwenye jukwaa lilelile. Lakini, kama Cruz anavyoeleza, kulikuwa na asubuhi moja ambapo walikuwa wamepatana wampitie Israel barabarani wasafiri pamoja. Israel alifika na sanduku lake, akasubiri kwa saa kadhaa. Wakapishana. Akahitimisha kwamba hawa nao ni walewale, akarudi nyumbani na sanduku, na taratibu akarudi kwenye kundi. Baadaye alifungwa kwa mauaji yaliyotokana na ugomvi wa magenge. Ilipita miaka kabla hajaungana tena na Cruz na imani yake.

Sisemi asubuhi moja ndiyo iliyoamua maisha ya mtu. Kijana wa genge ana kamba nyingi zinazomvuta, na asingeshikwa na hii angeshikwa na ile. Ila nimeyaona haya kwa macho yangu mara nyingi mno kuyapuuza. Kijana anapotoka kwenye kundi, kwa siku za mwanzo anapima kila kitu. Ukisema saa mbili ukafika saa tatu, kwako ni foleni ya magari, na kwake ni jibu la swali aliloanza kuuliza tangu utotoni. Na katika miradi yetu mingi, hakuna mtu hata mmoja ambaye kazi yake rasmi ni kufika kwenye ile kona na kumpata mwenye sanduku. Kuna bajeti ya ukumbi, ya vipaza sauti, ya fulana. Hakuna nauli ya mtu wa kumfuata kijana siku ya pili.

Mwaka 1960 Wilkerson alifungua nyumba huko Clinton Avenue, Brooklyn, na huduma ikaanza kujulikana kwa jina la Teen Challenge. Alikuwa amejiandaa kupokea vijana wa magenge. Waliobisha hodi, wengi wao, wakawa mateja. Heroini ilikuwa imeingia mitaani, na kijana anayetafuta dozi yake hana muda wa kulinda mpaka wa kundi. Sasa nyumba iliyopangwa kwa ajili ya sala na ushauri ikajikuta inakesha na watu wenye arosto. Wanatapika, wanatetemeka, wanatoka jasho la baridi, wanaomba wafunguliwe mlango waondoke. Wafanyakazi walikaa nao kitandani usiku kucha, wakiwafuta na kuwaombea, bila dawa ya kupunguza makali. Wengi walipita salama. Kisha wakitoka nje, muuza unga yuko palepale kwenye kona.

Kwa hiyo mpango ukabadilishwa tena. Mwaka 1962 huduma ilianzisha shamba huko Rehrersburg, Pennsylvania, ambako aliyemaliza siku ngumu za Brooklyn alipelekwa akalima, akafuga, akajifunza kazi, mbali na kona aliyoizoea. Shamba hilo halikuwemo kwenye maono ya mwaka 1958. Lilizaliwa na watu waliokuwa wakirudi kwenye unga mbele ya macho ya wachungaji wao.

Mwaka 1963 kikatoka kitabu cha The Cross and the Switchblade, ambacho Wilkerson alikiandika pamoja na John na Elizabeth Sherrill, na huduma ikaenea duniani. Pamoja na umaarufu zikaja takwimu. Katikati ya miaka ya 1970, utafiti uliogharamiwa na serikali ya Marekani uliwafuatilia watu waliopita Teen Challenge mwaka 1968. Kati ya waliohitimu mafunzo yote, asilimia 86 walisema hawatumii tena dawa za kulevya. Namba hiyo imebebwa huku na kule kwa miongo kadhaa. Ni namba ya kumtukuzia Mungu. Lakini ni ya waliohitimu. Wale walioondoka Brooklyn kabla ya kufika shambani walikuwa kundi lingine kabisa katika utafiti uleule, nao hawatajwi jukwaani.

Ninaamini waliotoka kwenye unga kwa jina la Yesu wametoka kweli, na nawafahamu wengine wa namna hiyo hapa kwetu, watu ambao mama zao walikuwa wameshawaandalia sanda mioyoni. Kinachonisumbua ni kwamba tukishazipenda namba za waliohitimu, tunaanza bila kujua kuwachagua wale tunaoona watahitimu. Kijana mwenye mchezo wa kutoka na kurudi anageuka doa kwenye taarifa ya robo mwaka. Na huyo ndiye aliyekuwa sababu ya kuanzisha mradi.

Jambo jingine linalotuhusu moja kwa moja. Katika jiji lilelile la New York, katikati ya miaka ya 1960, madaktari Vincent Dole na Marie Nyswander walikuwa wakiwatibu watumiaji wa heroini kwa methadoni, dawa ya kunywa inayotuliza arosto. Njia mbili, muongo mmoja, jiji moja, na kwa sehemu kubwa zilitazamana kwa mashaka. Mashaka hayo tumeyarithi. Tanzania Bara ilianza huduma ya methadoni Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2011, na Zanzibar ikafuata miaka michache baadaye. Sehemu kadhaa kuna soba hausi zinazoendeshwa na watu waliowahi kutumia wenyewe, na nyingine zimeanzishwa na waumini. Nimewasikia wachungaji wakimwambia kijana kwamba akiendelea kunywa dozi ya Muhimbili hajaokoka sawasawa. Hilo naliona ni kosa zito. Kijana anayepanga foleni kila asubuhi kunywa dozi mbele ya muuguzi, kisha akaenda kibaruani na jioni akafika kwenye kikundi cha maombi, amefanya kwa siku moja kazi ya imani kuliko wengi wetu kwa mwezi. Kanisa limpe nauli ya kwenda kwenye dozi. Tungetazama hivyo, tungekuwa tumemwondolea sababu moja ya kurudi kijiweni.

Magharibi kabisa ya Marekani, mwaka 1986, padri Mjesuiti Gregory Boyle alikabidhiwa parokia ya Dolores Mission huko Los Angeles, iliyozungukwa na nyumba za serikali na magenge yaliyokuwa yakiuana. Boyle alianza kama ambavyo wengi wangeanza, kwa kupatanisha. Alizunguka kwa baiskeli kutoka kundi hadi kundi akibeba masharti ya amani na kusuluhisha. Baadaye aliacha kabisa, akasema wazi kwamba kule kuwaketisha viongozi wa magenge mezani kulikuwa kunayapa magenge hadhi na uhai. Mwaka 1988 alianza kuzika vijana, na ameendelea kuzika hadi idadi yao ikapita 200.

Kilichoibuka badala ya mapatano ni kazi. Akina mama wa parokia waliandamana hadi kwenye viwanda vya jirani wakidai ajira kwa watoto wao, na ajira za kutosha zilipokosekana, mwaka 1992 parokia ilianzisha kiwanda chake cha mikate. Humo, kijana wa kundi moja alisimama kwenye meza ileile ya unga wa ngano na kijana aliyewahi kumrushia risasi. Kila aliyeingia alikuta adui yake amevaa aproni. Walijaribu pia biashara ya ufundi bomba, ikafa, kwa sababu wenye nyumba hawakutaka watu wenye michoro ya magenge usoni waingie ndani kwao. Kiwanda cha mikate kiliungua mwaka 1999. Mwaka 2010 fedha zilikauka hadi mamia ya wafanyakazi wakasimamishwa. Shirika hilo, Homeboy Industries, bado lipo. Mafunzo yake huchukua miezi 18, na anayeshindwa, akatoka, akarudi kwenye mambo yake, hakatazwi kuja tena akiwa tayari. Mlango huo wa kurudia ndio ninaouona kuwa moyo wa kazi yote, kuliko mikate.

Wakatoliki wa Afrika Mashariki watakuwa wameshamkumbuka Yohane Bosco wa Turin, padri aliyeanzisha shirika la Wasalesiani. Masimulizi ya Wasalesiani hayafichi kwamba vijana wa kwanza aliowalaza kwenye dari la majani mwaka 1847 walitoroka alfajiri na blanketi zake. Mei mwaka huohuo akaja mwingine, yatima aliyelowa mvua, wa miaka 15, na mama yake Bosco, Margherita, akamtandikia jikoni kwa matofali na mbao. Mama huyo alikuwa mkulima, hakusoma andiko la mradi wa mtu yeyote, na blanketi zilizoibwa zilikuwa za nyumba yake.

Lakini kwa utekelezaji, kuna karatasi ya Bosco ambayo ningependa kila kamati ya vijana iione. Ni mkataba wa Februari 1852 kati yake, seremala mmoja, kijana mwanafunzi na baba wa kijana huyo. Seremala anaahidi kumfundisha ufundi wote, kumrekebisha kwa maneno na si kwa kipigo, kutompa kazi za nyumbani zisizohusu useremala, kumwachia Jumapili na sikukuu, na kumlipa kila juma kiasi kilichoandikwa kinachopanda kadiri anavyojifunza. Kijana anaahidi utii na bidii. Bosco anaahidi kufuatilia mwenendo wake. Wote wanatia saini. Sala ilikuwepo, maungamo yalikuwepo, na saini ilikuwepo. Wasalesiani walipofika Tanzania na Kenya kuanzia mwaka 1980, katika kile walichokiita Mradi wa Afrika, walikuja na vyuo vya ufundi, na anayepita Dodoma au Iringa ataona kwamba jina la Don Bosco kwa watu wengi linamaanisha karakana kabla halijamaanisha kanisa.

Nairobi walilijua hilo mapema. Padri Arnold Grol, Mholanzi wa shirika la Mapadri Weupe, alianzisha Undugu Society mwaka 1973 kwa ajili ya wavulana wa mjini waliokuwa wakiwaonyesha madereva mahali pa kuegesha magari ili wapate senti. Alianza kwa kuwatoa mtaani. Wakitolewa hawa, wengine wanatokea, kwa kuwa walikotoka, Mathare, Pumwani, Kibera, hapakuwa pamebadilika kitu. Undugu ikahamia huko, ikafungua masomo ya muda mfupi kwa watoto ambao shule ziliwakataa, na ikawapeleka wakubwa wao kwa mafundi wa jua kali wajifunze kazi kwa mtu anayeiishi. Chokora aliyeshikwa mkono na fundi wa mtaani kwake hana mahali pa kurudi nyuma, maana hajaondolewa kwao. Yupo palepale, ila sasa ana nyundo.

Nije kwetu. Kuna usharika mmoja pembezoni mwa Dar es Salaam ambao ulipata wito wa namna hii. Nasema ulipata wito kwa sababu niliuona ulivyoanza. Kijana wa kijiwe kilicho nyuma ya kanisa alipigwa na wananchi kwa wizi wa simu, akafa, na Jumapili iliyofuata mchungaji alishindwa kumaliza mahubiri. Andiko la mradi likaandikwa, mfadhili akapatikana, cherehani zikanunuliwa, uzinduzi ukafanyika, mgeni rasmi akavalishwa skafu. Vijana walikuja kwa wingi. Baada ya miezi kadhaa kijana mmoja akaiba pasi ya umeme akaiuza. Kamati ikafunga cherehani stoo, funguo zikakaa kwa mweka hazina, na fundi akaambiwa asubiri kikao.

Kijana wa pasi alipotea. Kwenye taarifa aliandikwa kuwa ameacha mafunzo. Halafu asubuhi moja alijitokeza, wala si kanisani. Alikwenda kwa mama mmoja, mzee wa kanisa, anayeuza chapati na maharage karibu na kituo cha daladala. Nilikuwepo nikinywa chai. Alisimama mbali kidogo, akasema, “Shikamoo, mama.” Mama akaitikia, “Marahaba, mwanangu,” akaendelea kugeuza chapati. Kimya kikapita. Kijana akasema, “Nimekuja kwa ile pasi.” Mama akamuuliza kama amekula. Hakuwa amekula. Akamwonyesha beseni la vyombo, “Osha hivyo kwanza, ukimaliza utakula, halafu utaniambia habari ya pasi.” Akaosha. Alipomaliza kula, mama alifunga banda kwa nusu saa, tena saa za wateja, akaenda naye hadi kwa fundi.

Kikao kilichofuata kilikuwa kirefu. Wapo waliosema kumrudisha ni kuwafundisha wengine wizi, na hoja hiyo si ya kudharauliwa, maana mali ya kanisa ni sadaka ya watu, na walikuwepo vijana waliokuwa wameshika adabu tangu mwanzo. Mratibu alikuwa na tatizo jingine: mtu aliyeandikwa kuwa ameacha ataingizwaje tena bila kuharibu hesabu ya mfadhili? Mama wa chapati aliomba nafasi. Alisema yeye hesabu hiyo haijui, ila anajua kwamba Mungu hakumwita kwa mtoto mwema, na kama wametaka watoto wema, watoto wa kwaya wapo. Mchungaji aliinamisha kichwa muda mrefu. Halafu akauliza fundi anataka nini. Fundi akasema anataka maandishi: kijana atakuja saa ngapi, atalipwaje, pasi italipwaje, na akikosea, nani wa kuitwa. Kwa maneno mengine, bila kuwahi kusikia habari za Turin, aliomba mkataba wa Bosco.

Uliandikwa palepale, nyuma ya karatasi ya ajenda. Mama alitia saini kama mzazi. Mfadhili alipopata taarifa, aliuliza kwa nini kuna fungu dogo limehamishwa kutoka kwenye fulana kwenda kwenye nauli na chakula cha “ufuatiliaji”, na mratibu akajibu kwa barua ya kurasa mbili ambayo ningetamani wafadhili wote waisome. Jibu la mfadhili bado halijaja. Wakati huohuo cherehani zimetolewa stoo, na vijana wawili wengine waliokuwa wameandikwa kuwa wameacha wamekuja kuuliza kama habari ya yule wa pasi ni ya kweli. Mmoja amekubaliwa. Mwingine bado anatumia, na mama ndiye anayempeleka Muhimbili.

Kijana wa pasi alitoroka tena kabla ya Pasaka, akarudi baada ya sikukuu. Sasa hivi anajifunza kukata suruali za shule kwa kuwa shule zinakaribia kufunguliwa na oda ni nyingi. Deni ameshalipa nusu, na inayobaki fundi anaikata kwenye posho yake kila Jumamosi, mama anaiandika kwenye daftari lake la chapati, kwa sababu fomu ya mradi haina mahali pa kuiandika.